Karafuu Kwenye Maji ya Kuoga

Fundi cherehani alikuwa bado mgeni katika nyumba ya wakwe zake, mgeni wa kutojua swichi ipi inawasha taa ipi, alipoanza kusikia harufu ya karafuu kila alipooga. Alinusa sabuni, akanusa taulo, akanusa kiganja chake mwenyewe. Maji ya jikoni, yaliyotoka moja kwa moja kwenye bomba la nje, hayakuwa na neno. Ya bafuni ndiyo yaliyonukia kama chumba cha daktari wa meno.

Alimwuliza mumewe. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa magari, na pua yake ilishakufa ganzi. "Mimi hata chungu kikiungua naambiwa," alisema.

Alimwuliza baba mkwe, fundi bomba mstaafu, aliyekuwa akikaza skrubu ya kiti barazani.

"Sisikii kitu, mwanangu," alijibu mzee, macho yamebaki kwenye skrubu.

Mama mkwe alikuwa na mafua, hasikii harufu ya chochote, lakini alipoulizwa alitua sufuria chini akamtazama mkwewe kuanzia utosini hadi miguuni.

"Tangu lini?"

"Kama wiki hivi, mama."

"Mimi nilipokuwa na mumeo tumboni, kila sabuni ilininukia samaki." Akacheka hadi akapiga chafya. "Nyamaza tu. Mambo haya hayatangazwi."

Kufikia kesho yake majirani wote walikuwa wanajua.

Fundi alichanganyikiwa. Tarehe zake hazikuwa na kasoro, lakini nani wa kubishana na pua? Akiwa kwenye cherehani alijikuta ameweka mkono tumboni, kisha akiuondoa upesi kama mwizi aliyeonekana. Hawakuwa wamepanga mtoto bado. Hata hivyo mabaki ya vitambaa aliacha kuyatupa, akawa anayakunja pembeni, bila kujua ya nini.

Akaenda zahanati kimyakimya. Muuguzi akamwambia hana mimba.

"Na harufu je?"

"Hilo kaulize daktari wa pua."

Alirudi kazini kichwa kizito. Mchana ule mteja wake mmoja, mwalimu, alifuata gauni lake, ambalo fundi alikuwa amelipiga pasi kwa kulinyunyizia maji ya bafuni. Mwalimu akalisogeza puani.

"Umelitia karafuu? Linanukia vizuri."

Fundi alibaki na mkasi mkononi. Kumbe pua yake ilikuwa nzima. Mteja alipoondoka tu, alikwenda uani, akaegemeza ngazi, akapanda hadi kwenye tangi lililo juu ya bafu. Mfuniko ulikuwa umepasuka, nusu yake haipo. Juu ya maji kulitanda mafuta, na ndani yake viluwiluwi wa mbu walielea wamekufa, kama vipande vya uzi mweusi.

"Shuka, mwanangu. Ngazi hiyo si ya kuaminika."

Baba mkwe alikuwa amesimama chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Baba, ni wewe?"

"Afisa wa afya alituambia mafuta ya karafuu yanaua viluwiluwi. Alisema mitaroni na kwenye madimbwi. Nikaona, kinachoua mtaroni kitashindwaje na tangi? Fundi bomba mzima, mfuniko wangu umepasuka, mbu wanazaliana juu ya vichwa vyenu. Ningemwambia nani?"

"Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nikawa nakuja kukwambia, nikamkuta mama yenu anaimba jikoni. Nikasema labda ni yote mawili. Mafuta yapo, na mtoto naye yupo."

"Hayupo, baba. Nimepimwa."

Mzee akamshikia ngazi hadi akashuka. Walimwaga maji yote, wakasugua tangi kwa sabuni, wakalifunga kwa chandarua hadi mfuniko mpya upatikane. Kisha akaingia jikoni mwenyewe kumweleza mkewe. Kule ndani wimbo ukakatika.

Baadaye mama mkwe alitoka, macho mekundu, ya mafua au ya kingine, akaketi kwenye kizingiti cha mlango.

"Nimekutangaza bure, mwanangu. Nisamehe."

"Hata mimi niliamini, mama."

"Ulikuwa unamtaka?"

Fundi alifikiri. "Wiki mbili zilizopita ningesema hapana. Sasa sijui. Sijui hata ninachokililia, maana hakuna aliyekufa."

Mama mkwe alisogea, akamwachia nafasi kizingitini.