Kuogelea kwa Amri ya Daktari

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Koboko, wa Ludara na wa vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba Raphaël, mwanafunzi wa sekondari, Sinia ya Tatu, bingwa wa lugha tatu na nusu, ameteuliwa kuwa Mkalimani Mkuu wa hospitali mjini Arua, mwenye mamlaka kamili juu ya maneno yote yanayoingia na kutoka.

Hivyo ndivyo alivyojitangaza, kimoyomoyo. Ukweli ni kwamba alikuwa amebanwa kwenye benchi kando ya mama yake mkubwa, Kavira, Mkongo muuza vitenge wa Koboko. Muuguzi wa zamu alijua Kilugbara, Kavira hakukijua. Daktari Mzungu alijua Kiingereza tu. Na mtu mwingine wa kutafsiri hakuwapo.

Kavira alikuwa mnene. Si unene wa kusifiwa harusini, bali ule wa kuhema kwa kelele akiinama kufungua kufuli la duka. Daktari alimpima, akausikiliza moyo wake kwa muda, kisha akasema: moyo umechoka. Ameze vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Apunguze mafuta na sukari. Atembee kila jioni, polepole, na akianza kuhema apumzike.

Raphaël alitafsiri vidonge na mafuta sawasawa. Alitafsiri na sukari.

"Sukari yenyewe iko wapi siku hizi?" Kavira alicheka. "Munganga amechelewa. Maduka ilishanikataza mbele yake!"

Ikafika zamu ya kutembea. Likizo ilikuwa bado changa, Koboko haikuwa na jipya ila vumbi, na wenzake wa bwenini wangetaka kisa atakaporudi. Neno likamponyoka kama sabuni.

"Daktari anasema uogelee. Kila asubuhi."

"Nioge? Mi naoga kila siku! Munganga anasema mi nanuka?"

"Si kuoga, Mama Mkubwa. Kuogelea. Majini, kama samaki."

"Kiboko iko ndani ya maji siku mzima. Angalia tumbo yake!"

"Kiboko hafuati masharti ya daktari," Raphaël alijibu, kwa sauti ya padre aliye mimbarini.

Daktari aliuliza mama anasema nini.

"Anashukuru," alisema Raphaël.

Alidhani Kavira ataingia majini mara moja, apige yowe, atoke, na kisa kiishie hapo. Kumbe hakumjua mama yake mkubwa. Kavira aliazima mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akamwomba jirani yake Hawah, Mnubi aliyekulia ukingoni mwa Nile, amfundishe. Asubuhi wakaenda kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, njia ya Ludara. Kavira akaingia na gauni lake kuukuu. Ng'ombe wakaacha kunywa, wakatazama.

"Piga teke!" Hawah alimpigia kelele. "Teke ya nguvu, Kavira, kama iko mudeni wako nyuma!"

Kavira akapiga teke, mpira ukazunguka palepale. Nyuma ya kichuguu, Raphaël alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kicheko hakikudumu. Kavira hakukosa hata asubuhi moja. Watoto waliochunga ng'ombe walimcheka, naye akawarushia maji. Baada ya muda akauacha mpira ukingoni, akaanza kuvuka upande mwembamba wa bwawa mwenyewe, shingo juu kama bata. Magauni yakaanza kumpwaya. Jioni, kabla hajajipakulia, alimwekea Raphaël kipande kinono cha samaki.

"Kula, mutoto ya dada yangu. Bila wewe, nani angenieleza maneno ya munganga?"

Raphaël alikimega kipande kile, akarudisha nusu chunguni.

Kisha ikaja asubuhi ya baridi. Kavira alitoka majini akaketi kwenye matope, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi, hawezi kusema neno. Hawah alimpepea kwa shuka yake. Raphaël alitoka mbio nyuma ya kichuguu. *Akianza kuhema apumzike.* Koboko nzima, maneno hayo yalijulikana na mtu mmoja tu.

"Mama Mkubwa, acha kuogelea kidogo," Raphaël alisema pumzi za Kavira ziliporudi. "Pumzika."

"Munganga alisema kila asubuhi. Ama alisema namna ingine?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Raphaël aliuangalia, akashindwa kupita.

"Ni mimi tu. Nakuonea huruma."

"Basi weka huruma ndani ya mufuko. Mi nataka kupona."

Hakubakiwa na njia ila uongo mwingine: alisema daktari alitaka kumwona tena. Wakapanda lori kwenda Arua. Njia nzima Raphaël aliomba daktari amkataze mwenyewe, na jina la mtu fulani lisitajwe.

Daktari alimpandisha Kavira kwenye mizani, akafurahi. "Muulize amefanya nini."

Kavira alisimulia kwa kirefu: bwawa, ng'ombe, Hawah, mpira wa lori.

"Anasema ametembea," alitafsiri Raphaël.

"Maneno yote hayo kwa kutembea?"

Kavira aliona daktari anatabasamu, akadhani anataka kuonyeshwa. Akasimama, akanyoosha mikono, akaupasua upepo kushoto na kulia, akavimbisha mashavu, akarusha teke nyuma mpaka benchi likahama. "Hivi, munganga! Hivi!"

Tabasamu la daktari likafifia. Alimketisha, akausikiliza moyo wake, akarudia tena kuusikiliza. Kisha akamgeukia Raphaël.

"Alihema?"

"Ndiyo."

"Akapumzika?"

"Hapana. Sikumwambia. Nilimwambia aogelee." Kwa Kiingereza yalitoka kama shairi la darasani.

"Mwambie yeye."

Kwa Kiswahili hayakutoka hivyo.

"Mama Mkubwa... daktari hakusema kuogelea. Alisema utembee polepole, na ukihema upumzike. Kuogelea nilitunga mimi. Nilitaka kucheka."

Kavira hakumgombeza. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa pakiti ya vidonge.

"Na hii? Moja asubuhi, moja jioni. Ni yeye alisema, ama ni wewe?"

"Ni yeye, Mama Mkubwa. Haki ya Mungu."

"Muulize."

Raphaël aliuliza. Daktari akajibu, neno kwa neno, taratibu. Kavira alikuwa akiitazama midomo ya daktari.

"Anasema ni kweli," alisema Raphaël.

"Wewe ndiye unasema," alijibu Kavira.