Waya Mwekundu wa Papa Zéphyrin

Fundi Straton alipoing'oa redio kwenye dashibodi ya lori la Papa Zéphyrin, mende walimwagika wakamkimbilia mapajani. Uvundo wa maziwa yaliyochacha ukamjaa puani. Kuna watu, jamani, hata choo chao kinawaonea aibu. Na gari hilohilo ndilo lililokuwa likimshusha Claudette, binti yake Straton, na madumu yake ya maziwa kutoka Mushaki mlimani hadi Sake kila siku ya soko.

Fundi aliyetangulia alikuwa amefunga nyaya kwa plastiki ya kufungia jibini, na panya walikuwa wameitafuna. Lakini kilichomtia Straton kinyaa zaidi ni waya mwekundu kusokotwa pamoja na wa manjano, hivi kwamba redio na skrini yake ya ramani zilikula betri hata ufunguo ukichomolewa.

"Njo vile nataka," alisema Zéphyrin, akitafuna muwa. "Shida ni betri tu. Uniwekee ya pili. Mu mulima nazima moteur, gari inajishukia yenyewe, mazutu inabakia mu tanki. Bila muziki, bamama ba nyuma banaogopa, banaanza kusali."

"Na frein, Papa? Moteur ikizimika, frein inakuwa nguvu sawa jiwe, gari haisimame."

"Mungu iko."

"Mungu hana permis ya kuendesha! Mutoto yangu iko anapanda humu."

"Basi ashuke na miguu," alisema Zéphyrin, akatema makapi ya muwa palepale miguuni pa Straton.

Straton alitamani kumtoboa kwa bisibisi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na akikataa kazi, mtu huyu atarudi kwa yule fundi wa plastiki. Akazitenganisha nyaya zile, ule mwekundu akauunga penye umeme unaokuja injini ikizunguka tu. Akajaribu redio injini ikinguruma. Zéphyrin akaondoka akicheza mabega. Straton akanawa kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, na uvundo haukutoka.

Siku ya soko Claudette akaja akicheka.

"Papa, leo mu mulima muziki ilikatika! Tulipiga cabine ya dereva, tukamutukana Zéphyrin mpaka akawasha moteur tena. Kila akizima, tunapiga."

Moyo wa Straton ukalainika. "Muliogopa, eh?"

"Kuogopa nini? Wimbo ilikuwa imefika pa utamu! Mimi njo nilipiga nguvu kupita bote."

Straton akamtazama mwanawe, mzima, hana hata mkwaruzo. Akamshukuru Mungu, kisha akageuka akatema mate kwa kinyaa.