Mbuzi Niliyempeleka kwa Jared

Mimi msiniambie habari za mbuzi. Nikiona mtu anamvuta mbuzi njiani nageuza uso, maana mmoja niliyempeleka kwa Jared mwaka wa hamsini na sita ndiye aliyemtoa Jared nyumbani kwake. Na mkono uliomvuta ni huu huu wangu.

Nilikuwa golikipa wa timu ya shamba la mkonge la Bwana Tindall, kule Ruiru. Jared, Mjaluo mrefu kutoka Gem, alikuwa beki mbele yangu. Ligi yenyewe ilikuwa ya wazungu wenye mashamba na viwanda, kuanzia Ruiru mpaka Thika. Sisi tulikuwa miguu tu. Jumamosi mnyapara anapita kwenye laini yetu ya vyumba, anatuita majina, tunaweka mapanga chini, tunapanda lori. Ukisema leo umechoka, Jumatatu unakatishwa mistari miwili ya mkonge badala ya mmoja. Huo ndio uliitwa mchezo.

Siku hiyo tulicheza Thika na timu ya kiwanda. Mpira ukaja juu, nikatoka kuupiga ngumi, Jared naye akarudi nyuma kuuokoa. Nikamwangukia mguuni na uzito wangu wote. Ule mlio tuliusikia sote. Wee! Nilishika kichwa nikalia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa kwetu Ukambani, ukimvunja mtu, hata kwa bahati mbaya, humwachi hivi hivi. Unampelekea mbuzi, anachinjwa, mnakula pamoja, roho zinatulia. Nilikuwa na dume mmoja aliyekuwa akifugwa na rafiki yangu kijijini Kalimoni. Nikatembea nikimvuta kwa kamba mpaka mlangoni kwa Jared. Mkewe Selpha akacheka.

"Shemeji, nani amekudai kitu?"

"Hakuna. Lakini mimi sipati usingizi."

Tulimla timu nzima, Jared amenyoosha mguu wenye plasta juu ya sanduku, anatuchekesha. Ngozi Selpha aliikausha, akawa anamlaza mtoto juu yake.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka ofisi ya shamba. Eti mguu haukuvunjikia kazini, ulivunjikia mchezoni, na kwa kuwa Jared hawezi kukata mkonge, atoe vitu vyake chumbani kabla ya mwezi kwisha. Na ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, mnakumbuka. Bila kazi huna chumba, bila chumba huna ruhusa ya kukaa, unapandishwa treni kurudishwa kwenu. Mguu mmoja, mtoto mmoja, mke mjamzito. Kwao Gem, shamba la baba yake ndugu zake walishagawana lote. Jared alikaa na ile barua siku nzima akiikunja na kuikunjua.

Tukagoma. Philip, karani wa shamba na kapteni wetu, alimwendea Bwana Tindall akamwambia kwa Kiingereza kwamba hatuchezi fainali ya kombe la ligi mpaka Jared aachiwe chumba chake. Bwana Tindall alilitaka lile kombe vibaya sana. Miaka mitatu mfululizo mwenye kiwanda alikuwa amemshinda na kumcheka klabuni. Kwa hivyo hakutufukuza. Alituambia tupeleke maneno kwa Meja Pollard, mkubwa wa ligi, ndiye mwamuzi wa ugomvi wote wa timu. Meja mwenyewe alikuwa na shamba la kahawa na timu yake ndani ya ligi hiyo hiyo. Mwamuzi huyo, jamani! Lakini tungeenda kwa nani mwingine?

Ijumaa asubuhi tukawa kwenye veranda ya klabu, Thika. Jared tulimpeleka juu ya keria ya baiskeli. Selpha alibaki chini ya ngazi na mtoto mgongoni. Philip alisema vizuri, sijapata kumsikia mtu akisema hivyo tena. Nani anatuita majina? Mnyapara. Lori ni la nani? La shamba. Asiyecheza anaadhibiwa wapi? Shambani. Basi hiyo si kazi ni nini?

Meja akajikuna kidevu. "Hii maneno iko kweli kidogo," akasema kwa Kiswahili chake, akachukua kalamu. Nilimwona Selpha akifunga macho akiomba.

Hapo Bwana Tindall, aliyekuwa amekaa kando ya Meja, akasema, "Uliza golikipa habari ya mbuzi." Kumbe mnyapara alishampelekea habari!

Meja akanigeukia. "Wewe nalipa mbuzi kwa huyu?"

Jared akaniangalia. Alinikazia macho sana, nikadhani ananishukuru mbele ya wazungu. Na mimi mjinga, mjinga kabisa, nikatoa kifua mbele.

"Ndiyo, Bwana! Dume mzima. Mimi ndiye niliyemvunja mguu, na mbuzi nikatoa, na yeye akapokea."

Meja akaweka kalamu chini. "Basi. Desturi yenu namaliza kesi. Huyu navunja, huyu nalipa, yule nakula. Shamba naingia wapi?"

Philip alijaribu kusema, akanyamazishwa. Tukaambiwa kesho tuingie uwanjani, la sivyo timu inafutwa kwenye ligi na sisi sote tunafutwa shambani.

Jumamosi asubuhi Selpha alinijia na ile ngozi mikononi. "Shemeji, chukua. Waambie mbuzi amerudi. Waambie hatujalipwa kitu." Na mimi nilivyokuwa nimechanganyikiwa, nikaamini itasaidia.

Uwanjani niliitandika mbele ya Meja. "Bwana, mbuzi amerudi. Fungua kesi." Akasogeza kiatu chake kisiiguse, akamwambia refa apige filimbi.

Wenzangu walicheza. Siwalaumu, wana watoto. Mimi nilibeba ngozi, nikaitandika katikati ya milingoti ya goli, nikaikalia. Wakati huo hakukuwa na mchezaji wa akiba wa kuniondoa. Mpira wa kwanza ulipita karibu na sikio langu, sikuinua mkono. Bwana Tindall alinipigia kelele mpaka sauti ikamkauka.

Jumatatu tulikuwa stesheni ya Ruiru, familia mbili na mizigo yetu. Nduku, mke wangu, alikuwa amekaa juu ya furushi, hajanisemesha tangu Jumamosi. Jared alikuwa kando yangu, ameegemea mkongojo wake.

"Waliingiza ngapi?" akaniuliza.

"Tano."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ile barua.

"Omera, ndugu yangu, mbona hukusema hapana?"

"Hapana ya nini?"

"Ya mbuzi. Pale kwa Meja nilikukazia macho nikikuomba useme hapana. Mimi ningeapa sijapata kumwona."

Treni ya Nairobi ikaingia. Nikainama, akapanda mgongoni kwangu, nikambeba mpaka ndani ya behewa.