Siku Ebenezeri Ilipofungwa

Mzee Kuria ndiye aliyesimama mbele ya waumini wa Ebenezeri, pale Riruta, akawaambia kwamba kanisa lao litafungwa, na kwamba kuanzia Jumapili inayofuata watasali pamoja na ndugu zao wa Uthiru. Alikuwa karani wa baraza la wazee, na maneno yake aliyapanga vizuri. Paa lilikuwa linavuja. Vijana walikuwa wamehamia makanisa yenye magitaa na taa za rangi. Mchungaji walimwona kwa nadra, kama mvua ya Januari.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. Watu wakaitikia amina, wengine kwa midomo tu.

Mkewe, Njambi, alikuwa ameketi benchi la tatu upande wa dirisha, alipokuwa akiketi tangu alipoolewa. Alimtazama mumewe akitabasamu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Njambi alikuwa anasahau. Ilianza na sufuria kuungua jikoni, yakaja majina ya wajukuu, kisha njia ya kurudi kutoka dukani. Daktari alisema ugonjwa ule hauponi. Lakini Ebenezeri hakuisahau. Jumapili, akishafungwa kitambaa chake cha chama cha akina mama, alitangulia njiani mwenyewe, akaingia, akaketi pake, na wimbo ulipoanza aliuimba kwa Kikuyu beti zote, sauti ya pili, bila kitabu. Kwa muda wa ibada, Kuria alikuwa na mke tena.

Hilo hakulisema kikaoni. Wazee walipokuwa wakijadili kuunganishwa kwa makanisa, aliona haya kuleta shida ya nyumba yake mbele ya shida ya watu wote. Binti yao Shiku, aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini, alimpigia simu aliposikia.

"Na mum, baba? Umefikiria mum?"

"Kanisa si jengo, Shiku. Kanisa ni watu."

"Kwako ni watu. Mum watu amewasahau. Amebaki na jengo tu."

Kuria alikasirika, akakata simu. Hasira ile ilikuwa ya mtu aliyeguswa penye kidonda.

Siku ya kuungana, walitoka Ebenezeri kwa maandamano hadi Uthiru. Kwaya ilitangulia, wazee wakafuata na Biblia kubwa ya mimbarini na vikombe vya meza ya Bwana. Njambi alitoka vizuri, ameshikwa mkono. Lakini bawabu, Obuya, alipofunga lango nyuma yao, Njambi aligeuka akasimama.

"Baba Shiku, tunaenda wapi? Ibada haijaanza."

"Imehamia Uthiru, Mama Shiku."

Akawatazama watu waliovaa rasmi, wakitembea polepole, wakiimba. "Nani amekufa?"

Kuria akamshika mkono tena, wakaendelea.

Kanisa la Uthiru lilikuwa kubwa, lenye roshani na skrini mbili ukutani. Mchungaji Ngui aliwakaribisha kwa furaha ya kweli, na wenyeji wakasimama kuwapigia makofi. Njambi hakuyajali makofi. Alikwenda moja kwa moja hadi safu ya tatu upande wa dirisha, akamshika mkono mama mmoja aliyekuwa ameketi hapo.

"Toka. Hapa ni kwangu."

Mama yule akainuka bila ubishi, akampisha. Kisha spika zikanguruma, wimbo mpya ukaanza, maneno yakikimbia kwenye skrini. Njambi akaziba masikio, akapiga yowe. Kuria alipomwinua, kiti kilikuwa kimelowa.

Mhudumu mmoja, msichana aitwaye Stacy, aliwafuata nje na leso ya kumfunga kiunoni. "Pole, guka, babu yangu. Kuna chumba cha akina mama wenye watoto wachanga. Mnaweza kukaa huko, ibada mtaiona kwa skrini."

Ndivyo Mzee Kuria, aliyezoea kuketi mbele na wazee wenzake, alivyoanza kusali kati ya nepi na chupa za maziwa. Watoto walilia, Njambi akalia nao. Baada ya majuma machache Kuria akaacha kumpeleka.

Hapo ndipo Njambi alipoanza kutoroka. Kila mara alipatikana mahali pamoja: lango la Ebenezeri, ameshika kufuli. Kuria akamsihi Obuya awafungulie, hata mara moja.

"Mzee, nimeambiwa nisifungulie mtu," Obuya alisema, huku tayari anatafuta ufunguo. "Lakini wewe utakuwaje mtu wa kufungiwa?"

Ndani mabenchi hayakuwapo. Mimbari ilikuwa imeng'olewa, na mafundi wa kuligeuza jengo walikuwa wamerundika mifuko ya saruji ilipokuwa kwaya. Kuria alimwongoza mkewe hadi pale dirishani.

"Ni hapa, Mama Shiku. Tumefika."

Njambi akaangalia sakafu, akaangalia ukuta. Hakuketi, pa kuketi hapakuwapo. Kuria, ambaye maisha yake yote sauti ilikuwa ikimponyoka, akaanzisha wimbo ambao mkewe aliupenda kuliko zote, akingoja ile sauti ya pili iingie. Njambi akamsikiliza kwa adabu ya mgeni.

"Unaimba vizuri," akamwambia. "Wewe unasali kanisa gani?"

Kuria aliendelea hadi mwisho wa ubeti, kwa kuwa hakujua angefanya nini kingine. Obuya akatoka nje akawapa mgongo.

Tangu siku ile Njambi hakutoroka tena, wala hakuimba. Mchungaji Ngui alipokuja kuwaletea meza ya Bwana nyumbani, alimega mkate akamwekea mdomoni. Ukakaa ulimini hadi Kuria akautoa kwa kidole.

"Hatungeweza kuacha hata chumba kimoja pale?" Kuria aliuliza. "Kwa wazee wagonjwa kama huyu?"

Mchungaji akainamisha kichwa. "Mzee, wewe ndiye uliyetushawishi." Hakusema kwa ubaya.

"Ni kweli. Paa lilikuwa linavuja."

Aliomba apumzishwe uzee wa kanisa, wakamkubalia, wakamwombea. Shiku huja akipata nafasi. Husema angalau mum ametulia siku hizi.

Jumapili asubuhi majirani hupita na nguo zao nzuri, wakamsalimu kutoka barabarani.

"Mzee, hatukuoni kanisani!"

"Tutakuja," huwajibu.

Kisha hurudi kwenye kigoda, akachota uji, akaupuliza. Njambi hufungua kinywa kabla kijiko hakijafika, akameza, akakifungua tena, macho yake yakitazama mlango ulio wazi, bila kumngoja mtu.