Mkono Uliokuwa Ukishuka

Saa tatu asubuhi, kwenye yadi ya kuuzia mitambo, kabla hata hajafunga mlango wa pikapu, Mama Mitaro aliona kaka yake ameshapanda kwenye kiti cha eskaveta ndogo ya kuchimbia mitaro, ameshika vishikio vyote viwili, ametulia kama mtu aliyefika kwake.

"Kaka, shuka. Hatujaikagua."

"Nakagua kiti," kaka yake alijibu. "Kiti ni kizuri."

Mama Mitaro akavuta pumzi, akafungua daftari lake. Alikuwa ameandika kurasa mbili za mambo ya kujaribu, na kiti hakikuwemo.

Jina la Mama Mitaro alipewa na wateja. Kwa miaka minane aliendesha mitambo mikubwa ya kampuni ya barabara, kisha akaacha kazi akaungana na kaka yake, fundi bomba. Kazi zao zilikuwa nyuma ya nyumba za watu: mabomba ya maji machafu, mashimo ya choo, sehemu ambazo mtambo mkubwa hauingii mpaka ubomoe ukuta. Kwa hiyo walichimba kwa sururu, mtaro baada ya mtaro, mwaka baada ya mwaka. Mwezi huo kaka yake alikuja na wazo la kununua mtambo mdogo unaoweza kupita pembeni ya nyumba, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Alikuwa ameipenda hii ya njano kwa kuiona tu kwenye picha.

Muuzaji akaja mbio mbio, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. "Karibu sana, bosi! Karibu, mama!"

Mama Mitaro alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kilikuwa cha moto.

"Jana nilipiga simu nikaomba msiiwashe kabla sijafika," alisema. "Nilitaka kuiwasha ikiwa baridi."

"Tumeipasha kidogo tu, mama."

"Ndicho nilichoomba msifanye."

Muuzaji akacheka, akamgeukia kaka mtu. "Bosi, hii mashine ni kama simu. Unagusa tu, inakwenda."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa saa nzima iliyofuata. Mama Mitaro akiuliza, jibu linakwenda kwa kaka yake. Aliuliza mashine ina upana gani. Kaka yake akaambiwa inapita mlangoni. Aliuliza mlango gani. Kaka yake akaambiwa mlango wowote. Mama Mitaro akatoa futi mfukoni, akapima mwenyewe. Sentimita mia na thelathini. Vijia vya wateja wao wengi havikuzidi mia na tano.

"Minyororo ya kutembelea inabanwa, bosi. Inaingia ndani."

"Nionyeshe mimi," alisema Mama Mitaro.

Muuzaji akapanda. Akabonyeza hiki, akavuta kile. Honi ikalia mara mbili. Taa zikawaka.

"Ina taa!" kaka yake akashangilia.

"Kaka, nakuomba."

Bamba la mbele la kusukumia udongo likapanda, likashuka, likapanda tena. Minyororo ikabaki palepale. Dakika ishirini zikapita, jua likaanza kuuma utosini, na Mama Mitaro akachoka kusubiri. Akamwomba muuzaji ashuke, akapapasa chini ya kiti, akakuta kishikio kidogo kilichofungwa kwa pini. Akaichomoa, akaiinua mashine kidogo kutoka chini kwa bamba na ndoo, akasukuma kishikio. Minyororo ikaingia ndani kwa mlio wa kukera meno. Akapima. Tisini na tisa.

"Si nilisema?" muuzaji akamwambia kaka mtu.

Mama Mitaro akaandika "99" kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Likaja suala la kuchimba. Muuzaji alikuwa ameandaa lundo la mchanga uliochekechwa, laini kama unga. Mama Mitaro akaukataa. Wateja wake hawakuwa na mchanga nyuma ya nyumba, walikuwa na udongo mgumu na mawe. Akaonyesha sehemu kavu kando ya ofisi.

"Pale chini kuna nini?"

"Udongo tu, mama."

"Hakuna bomba? Hakuna waya?"

"Hakuna kitu."

"Una uhakika au unasema tu?"

"Mama, mimi nipo hapa mwaka wa tatu."

Mama Mitaro akapanda, akaingia kazini. Na hapo, pamoja na hasira zote, moyo wake ukalainika kidogo. Mashine ilikuwa tamu. Ndoo iliuma udongo mgumu bila mtambo kunyanyuka nyuma, mkono uligeuka kwa utulivu, injini haikukohoa. Alichimba kama hatua nne, taratibu, akisikiliza kwa vidole. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomsumbua: kila alipoacha vishikio, ndoo ilikuwa kama inapiga usingizi, inainama kidogo bila kuambiwa. Akafungua daftari aandike.

"Sasa mimi," kaka yake akasema, ameshakanyaga mnyororo.

"Hujui kuendesha."

"Si ni kama simu?"

Alikuwa amechoka kubishana. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Akamwonyesha vishikio, akamwambia polepole, polepole, kisha akashuka.

Kaka yake akavuta vyote kwa pamoja. Mashine ikaruka, mkono ukaenda kushoto, ndoo ikajichimbia pembeni ya mtaro kwa kishindo, ikapanda juu na kipande cha bomba jeusi kikining'inia kwenye meno yake. Maji yakaruka juu kupita kimo cha mtu kisha yakaanza kutiririka moja kwa moja kuelekea mlango wa ofisi.

"Hakuna kitu!" Mama Mitaro akapaza sauti. "Umesema hakuna kitu!"

"Hili sikulijua!" muuzaji akalia.

"Koki iko wapi?"

"Koki ipi?"

Mama Mitaro akaona akiendelea kuongea na huyu mtu maji yatafika mezani kwake. Akamvuta kaka yake kutoka kitini, akapanda. Kulikuwa na mfereji wa barabarani kama hatua kumi na mbili kutoka pale. Akageuza mkono, akaanza kukata njia kutoka kwenye shimo kwenda mfereji ule, ndoo baada ya ndoo, tope likimrukia usoni. Muuzaji akamtupia kaka mtu koleo akazibe mlango kwa udongo.

Kaka yake akainama kuliokota. Hakuinuka.

Mama Mitaro alimwona kwa pembe ya jicho: mwanamume mzima amejikunja kama msumari uliogongwa vibaya, mkono mmoja umeshika kiuno, mdomo wazi, sauti haitoki. Maji yalikuwa yanampita miguuni. Hakuweza kuacha kazi. Akaendelea kukata mpaka maji yakakubali njia mpya na kugeukia barabarani, na karibu wakati uleule bomba likanyamaza. Fundi mitambo wa pale, mzee wa ovaroli iliyopauka, alikuwa amekimbilia nyuma ya ofisi na kufunga koki.

Mama Mitaro akainua mkono wa mashine juu kabisa, akazima injini, akashuka.

"Mgongo?" akamuuliza kaka yake.

"Umebana tu. Utaachia."

"Tangu lini?"

"Niache, dada."

Walimkalisha kwenye ngazi ya ofisi. Muuzaji akaleta taulo na, kwa mshangao wa wote, akaleta pia karatasi za mauzo. "Angalau mmeona nguvu yake, bosi. Hata mafuriko inaweza!"

"Lete kalamu," kaka yake akasema.

Mama Mitaro hakumtazama yeyote kati yao. Alikuwa anatazama ndoo. Akachukua futi, akapima kutoka meno ya ndoo mpaka chini. Sentimita mia na themanini. Akatazama saa.

"Sasa unafanya nini?" kaka yake akauliza.

"Nasubiri."

Akasubiri dakika kumi, tope likimkaukia shingoni, wale wawili wakimtazama kana kwamba amepandwa na wazimu. Akapima tena. Mia na hamsini na moja.

"Imeshuka. Injini imezimwa, hakuna aliyeigusa, na imeshuka zaidi ya shubiri."

"Ah, hiyo ni kupumzika tu," alisema muuzaji. "Mashine zote zinapumzika."

"Dada, kwa shubiri moja utatuharibia siku?" Sauti ya kaka yake ilikuwa kali sasa, na ndani yake mlikuwa na kitu kingine, kama kuomba. "Tutaiwekea gogo la kuitegemeza. Nasaini."

Hapo ndipo alipochemka.

"Unalaza mabomba, kaka. Wewe ndiye unayeingia mtaroni, mimi niko juu. Mkono huu utakuwa juu ya kichwa chako siku nzima. Haya, nenda kakae pale chini yake. Mpe na huyu bwana nafasi, mkae wote wawili. Nikirudi baada ya chakula cha mchana tutasaini."

Hakuna aliyesogea. Muuzaji alijifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

"Ni sili ya silinda, ule mpira unaozuia mafuta ya kuinulia mkono yasivuje," fundi mitambo akasema kutoka nyuma, akijifuta mikono. "Imekwisha. Wiki iliyopita niliandika ibadilishwe kabla ya kuuzwa. Wakanambia niache, iwe inapashwa moto tu asubuhi, iwake upesi na mteja asishuku."

Muuzaji akamkazia macho. Mzee akamkazia yake, na ya mzee yalikuwa makavu zaidi.

Mama Mitaro akakusanya vitu vyake. Akamwachia mzee namba ya simu. "Ukiibadilisha wewe mwenyewe, nipigie. Na isiwashwe."

Ndani ya pikapu kaka yake alikaa ameegemea mlango, hawezi kukaa sawa.

"Daktari alinikataza sururu," akasema walipokuwa njiani. "Miezi minne sasa."

"Miezi minne! Na mtaro wa juzi ulichimba na nani?"

"Na wewe."

Mama Mitaro alitaka kupiga kelele. Maneno yalimjaa mdomoni, mengine ya kumtukana na mengine ya kulia, akashindwa kuchagua. Alipiga usukani kwa kiganja mara moja, kisha akampeleka moja kwa moja hospitali, ingawa njia nzima kaka yake alikuwa akisema hakuna haja.

Siku ya kumi na moja mzee alipiga simu. Mama Mitaro alikwenda peke yake. Injini ilikuwa baridi. Aliinua mkono, akazima, akapima, akakaa kwenye pipa tupu la mafuta kwa saa nzima. Meno ya ndoo hayakusogea hata unene wa ukucha. Akasaini.

Kaka yake alipewa wiki nane za kutoinama. Alitii, kwa namna yake. Alikuwa akija kazini kila asubuhi na kiti cha plastiki, anakiweka ukingoni mwa mtaro, na kuanzia hapo mpaka jioni anamwelekeza dada yake: kushoto kidogo, umekwenda sana, rudi, hapo hapo, si hapo. Siku ya tatu Mama Mitaro alizima injini, akashuka, akakikokota kiti kile kaka yake akiwa bado amekikalia nusu, akakisogeza mpaka upande wa pili wa nyumba.

"Huku hata sikuoni!" kaka yake akalalamika.

"Ndiyo," akasema, akarudi kuchimba.