Samaki wa Alhamisi

Kwa miaka kumi na tisa Badru Mwinjuma alimchokoza mkewe kila Alhamisi, wala hakuwahi kumwomba radhi, kwa sababu ile ilikuwa kazi.

Siku hizo walikuwa wamepanga Mwananyamala, na Badru alikuwa mtunzi wa kijarida cha katuni kilichotoka kila Jumamosi. Kuchora hakujua. Aliyechora ni Marselino, fundi wa midomo, ambaye mwanamke akikasirika kwenye karatasi yake unahisi mate yanakurukia. Kazi ya Badru ilikuwa kujaza maneno kwenye vile viputo vyeupe vinavyokaa juu ya vichwa vya watu. Msemaji mkuu alikuwa Bi Upupu, mama wa uswahilini, khanga kifuani, mkono kiunoni, aliyemsema mume, mwenye nyumba, mganga na kuku wa jirani bila kubagua. Dar nzima ilimpenda. Kasoro ilikuwa moja tu: maneno yalitakiwa mezani Ijumaa asubuhi, na mtunzi hakuwa nayo.

Aliyekuwa nayo ni mkewe, Zuena. Zuena alizaliwa palepale Mwananyamala, katika nyumba ya shangazi sita, na katika nyumba ya namna hiyo mtu ama anajifunza kusema ama anageuzwa tambara la deki. Badru alimwoa kwa ajili ya macho yake. Mdomo aliukuta baadaye, akaujengea maisha.

Basi kila Alhamisi alipita Msasani kwa wavuvi, akachagua vibua ambavyo hata muuzaji aliona haya kuvishika. Anafika nyumbani, anavua viatu, anauweka mfuko jikoni na kukaa kitako kusubiri. Haikuchukua muda.

"Baba Nusaiba! Huyu samaki kafa tangu enzi za mkoloni, leo ndo unamletea matanga nyumbani kwangu?"

Badru anainama, anashika tumbo, anasema limemkoroga, na anakimbilia chooni na kalamu ndani ya soksi. Jumamosi mji mzima unacheka. Samaki wakizoeleka, anachelewa kurudi. Kuchelewa kukizoeleka, anasahau salamu za mama mkwe. Wakati mmoja alikosa kabisa la kufanya, akaenda kusifia chapati za jirani yao Mwanabaraka mbele ya chapati za mkewe. Kijarida cha wiki ile kiliisha mitaani kabla ya adhuhuri, na yeye alilala sebuleni siku nne.

Zuena hakujua lolote, au ndivyo Badru alivyoamini. Mwanamke yule hakuwa msomaji wa katuni. Vijarida alitandikia makabati. Badru alijiona mjanja sana, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemtoa kwenye raha hiyo.

Kisha simu zikaja na kijarida kikafa. Marselino akarudi kwao. Badru na Zuena wakahamia Goba, kwenye nyumba waliyokuwa wakiijenga kidogo kidogo ubavuni mwa kilima, binti yao Nusaiba akaolewa Tanga, na Zuena akapungua maneno. Badru alidhani ni uzee.

Bi Upupu yeye hakufa. Maneno yake yaliandikwa nyuma ya bajaji, yakachapwa kwenye fulana, yakazunguka kwenye simu asubuhi na jioni, na popote yalipokwenda hayakufuatana na jina la Badru Mwinjuma. Siku moja aliona sentensi yake nyuma ya bajaji, akamgonga dereva begani.

"Hayo maneno ni yangu, mwanangu."

"Ya wote hayo, mzee," dereva akamjibu kwa upole, kama anamtuliza mgonjwa.

Ile "ya wote" alirudi nayo hadi nyumbani. Nakala za zamani zilishaliwa na mchwa, kitabu hakuwahi kutoa, na umri ulishafika sitini na tisa. Badru alianza kuogopa waziwazi kwamba atakufa na asibaki popote. Kwa hiyo serikali ilipotaka kila njia mitaani ipewe jina na kibao, na kila nyumba namba, aliona mlango wake umefunguka. Njia inayopita mbele ya nyumba yake haikuwa na jina. Naye alikuwa nalo, tena zuri, halina kazi.

Alifanya kampeni kuliko diwani. Alinywesha wazee kahawa. Alichapisha karatasi yenye kichwa "Wasifu wa Mtunzi" akaigawa hadi kwa watu waliokuja kuchimba choo. Twaha kinyozi, ambaye kibanda chake kipo chini ya kilima, aliahidi kulipendekeza jina lake, na kila aliyekaa kwenye kiti chake alisomewa wasifu wembe ukiwa shingoni.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, chini ya turubai nje ya ofisi ya mtaa. Badru alivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Zuena alikaa mkekani na wanawake wenzake, hatua tatu kutoka alipo mumewe. Aliyeongoza ni Herieth, mtendaji wa mtaa, mwanamke anayesoma kila karatasi mpaka nukta ya mwisho.

Twaha alisimama, akalitaja jina la Badru Mwinjuma, mtunzi mashuhuri. Mikono kumi na mmoja ikanyooka. Badru aliihesabu mara mbili na kuona inatosha, kwani mwalimu mstaafu Albano, mpinzani wake pekee, alipata minne, na mmoja ulikuwa wake mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Sie tunataka Mtaa wa Bi Upupu!"

Turubai lilitaka kung'oka. Watu walicheka, wakapiga makofi, mama mmoja akasimama mkono kiunoni na kulitoa lile la samaki na mkoloni, wenzake wakamalizia kwa pamoja kama dua. Mikono iliyonyooka haikuhesabika. Twaha mwenyewe alinyoosha, akamwona Badru, akajifanya anajikuna kichwa.

"Tulieni jamani," Herieth alisema, akifunua karatasi zake. "Hili jina nina ishu nalo. Mwongozo nilio nao unataka mtu wa kweli, au tukio, au kitu kilichopo. Katuni sipeleki. Kama Bi Upupu ni mtu, aliishi au anaishi, naandika sasa hivi. Kama ni wa kubuni, jina linalofuata ni la Mzee Badru." Akamgeukia. "Shikamoo mzee. Wewe ndo mtunzi. Huyu mama yupo, au hayupo?"

Watu wote walimtazama Badru. Zuena naye alimtazama, huku akilegeza khanga na kuifunga upya, kitu ambacho hufanya anapotaka kusimama. Badru aliuona mkono wake. Ilikuwa rahisi kusema yupo, yule pale, ndiye aliyesema yote mnayoyacheka. Lakini akisema hivyo, Badru Mwinjuma ni nani? Mtu aliyekuwa akiandika chooni.

"Hayupo," alisema. "Nilimtunga mwenyewe, kichwani mwangu."

Herieth akaandika. Watu waliguna, kisha wakapiga makofi kwa adabu. Zuena alimaliza kufunga khanga yake, akabaki amekaa, akapiga makofi na wenzake.

Nyumbani alimtengea chai, akasema, "Hongera, Baba Nusaiba," na hakuongeza neno. Badru alikunywa kikombe cha kwanza. Kikombe cha pili kilimshinda.

"Mbona kimya, mke wangu?"

"Niseme nini? Si umesema sipo."

Badru alikiweka kikombe chini. Zuena aliketi mbele yake. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wiki ya pili tu nilijua," alisema. "Nilinunua vitunguu, nikafungiwa kwenye ukurasa wako. Nasoma, maneno yangu. Natazama picha, na kidoto changu cha shavuni mmekichora. Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikakuonea huruma. Nikasema, maskini mume wangu, kumbe hana maneno."

"Zuena..."

"Ngoja nimalize, leo si Alhamisi, huna haja ya kwenda chooni. Unadhani lile la mkoloni lilinitoka tu mdomoni? Nilikaa nalo wiki nzima. Jumatano nikamjaribia Mwanabaraka, akacheka mpaka akamwaga mboga, ndo nikajua linafaa. Na zile chapati zake, nani alimwambia akuletee siku ile? Nilikuona umekwama. Alhamisi ukichelewa nilikuwa nakaa mlangoni nahangaika, nasema huyu asipokuja na samaki wake, kijarida kitatoka na nini? Miaka kumi na tisa nimekula samaki wabovu ili wewe uitwe mtunzi. Na nilifurahi. Wallahi nilifurahi."

Badru aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alijitafutia la kusema na, kama kawaida yake, hakulipata. Mwisho akauliza swali la kijinga. "Sasa mbona mkutanoni hukusimama ukasema?"

"Nilitaka uniseme wewe," Zuena alijibu. "Mie nimekusemea miaka yote. Wewe nilikutaka mara moja tu." Akaondoa vikombe.

Baada ya miezi miwili kibao kilikuja, kizuri, na herufi zote zipo: MTAA WA BADRU MWINJUMA. Kikasimikwa kwenye kona. Wiki ya kwanza Badru alikwenda kukitazama kila asubuhi, akisingizia kunyoosha miguu. Zuena hakumtania. Alimpikia, alimfulia, alimsalimu, na hakumsema kwa lolote. Badru alisahau kufunga bomba, maji yakajaa uwani, alichokipata ni, "Si neno." Alhamisi moja alinunua kibua kilichooza makusudi, akakiweka jikoni, akakaa kusubiri. Zuena alikitazama, akakiosha, akakikaanga, akamletea. Badru alikila peke yake mpaka miiba, na machozi yakamtoka.

Alhamisi iliyofuata alichukua simu, akampigia mvuvi mmoja wa Msasani, akaagiza nguru, wa leo, mnene kuliko wote. Mvuvi akampa kijana wa bodaboda amlete. Badru alimwelekeza kwa fahari kidogo, kwani fahari ya mtu haifi kwa siku moja: Goba, Mtaa wa Badru Mwinjuma, nyumba namba kumi na nne. Jikoni Zuena alikuwa anakuna nazi. Baada ya saa moja simu ikaita.

"Mzee shikamoo, nimezunguka Goba nzima. Huo mtaa haupo."

"Marahaba. Upo. Una kibao."

"Nishauliza watu watano, mzee. Huyo Badru hawamjui."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Niko hapa kwa kinyozi."

Badru alipumua. "Basi umefika. Muulize huyohuyo kinyozi."

Alimsikia kijana akiuliza, na sauti ya Twaha, Twaha wa kampeni, Twaha wa wasifu na wembe, ikajibu kutoka mbali bila hata kufikiri: "Badru Mwinjuma? Ah, kwa Bi Upupu huko! Panda kilima, kata kushoto."

"Aaa, kwa Bi Upupu!" bodaboda alipiga kelele, nusura apasue simu. "Si ungesema toka mwanzo, mzee wangu? Huyo kila mtu anamjua! Kwani yule mama yupo kweli?"

Kule jikoni mbuzi ya nazi ilinyamaza. Badru alijua anasikilizwa. Alitazama dirishani, na kutoka pale aliweza kukiona kibao chake kwa nyuma, upande usioandikwa kitu.

"Yupo," alisema kwa sauti, ili ifike jikoni. "Yupo hapa nyumbani, anamsubiri huyo samaki."

"Dah! Na wewe ni nani yake?"

"Mie mume wake."