Profesa Anasoma kwa Sauti ya Siwar

Asubuhi ya Jumatano, Rudaina alifungua madirisha ya kituo cha uandishi, juu ya mkahawa wa chuo kikuu katika mji wa Irbid, akateleka kahawa ya iliki, kisha akamwita mwanafunzi wa kwanza. Alikuwa msichana wa uhandisi mwenye insha kuhusu madaraja. Aliisoma kwa sauti, kama ilivyo desturi ya kituo, na alipofika aya ya pili, kinywani mwake ikatoka sauti ya mzee mwenye kikohozi.

"Hapo weka alama za kunukuu," Rudaina alimwambia. "Halafu umtafute huyo mzee ni nani."

"Sawa, mwalimu. Nilidhani nimeyageuza maneno yake vya kutosha."

Ndivyo chumba kile kilivyokuwa tangu kilipofunguliwa. Maneno ya mtu yakisomwa na mwingine bila mwenyewe kutajwa, yalitoka kwa sauti ya mwenyewe. Wanafunzi walishazoea. Kuna waliosema inawarahisishia kupanga marejeo.

Saa nne aliingia Profesa Haddawi, mkuu wa idara ya fasihi. Juma lililofuata kitabu chake kuhusu nyimbo za wanawake wavunaji wa zeituni kingezinduliwa katika chumba hicho, naye alitaka kufanya mazoezi. Alivaa miwani, akasoma. Ikatoka sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, yenye lafudhi ya vijiji vya Ajloun.

Rudaina aliijua papo hapo. Ilikuwa ya Siwar, aliyekaa dirishani pale majira matatu ya baridi akiandika tasnifu yake juu ya nyimbo za bibi yake. Haddawi ndiye aliyemsimamia. Ndiye pia aliyemwambia kwamba kazi ile haifai, na Siwar akaacha chuo bila shahada.

Profesa alisoma kurasa saba, hakuna sentensi hata moja iliyotoka kwa sauti yake.

"Profesa, huyu ni Siwar," Rudaina alisema.

"Nimesikia." Akafuta miwani. "Kwa mada ya wanawake si mbaya. Imekaa vizuri."

Rudaina alikwenda kwa mkuu wa kitivo, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho na kumkaribisha chai ya majani makavu ya mramia.

"Juu ya kitabu kuna jina la nani?" mkuu aliuliza.

"La Haddawi."

"Basi, mama. Majina tuna kanuni zake. Sauti hatuna."

Uzinduzi ulifanyika. Watu walijaa hadi kwenye ngazi, na Profesa akasoma kwa sauti ya Siwar, akapigiwa makofi. Mama mmoja wa safu ya mbele alimwambia jirani yake kwamba yule binti anasoma kwa uchungu. Baadaye kitabu kikawekwa kwenye mtaala, na Haddawi akaomba kukifundisha katika chumba hichohicho kila Jumatatu, maana wanafunzi walisema kwingine anachosha.

Ndipo Rudaina akaenda kumtafuta Siwar. Alimkuta sokoni, katika duka la mjomba wake la kukaanga lozi na mbegu za tikiti, chumvi ikiwa imemganda vidoleni.

"Karibu, mwalimu. Bahati yako umekuja leo. Jumatatu ungenikuta bubu."

"Tangu lini?"

"Tangu uzinduzi wao. Anapoanza kusoma, mimi koo linafunga. Wateja nawaonyesha kwa mikono. Washazoea, wengine wananitania eti Jumatatu ndiyo siku ninayopendeza."

Rudaina alimweleza alichojibiwa na mkuu wa kitivo. Siwar alikuwa akikoroga lozi kwenye sufuria; hakusimamisha mkono.

"Nilijua watasema hivyo," alisema. Kisha akauliza, "Anasoma vizuri lakini?"

"Anakimbia. Hapumziki popote."

Hapo Siwar akaacha kukoroga. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake kuonyesha kuumia.

"Ule wimbo wa kutikisa matawi una mahali pa kupumua, mwalimu. Bibi alikuwa ananyamaza pale, zeituni zimalize kuanguka. Niliandika mistari yote kufuata pumzi yake. Mwambie, tafadhali."

Rudaina alimwambia. Profesa Haddawi alishukuru kwa adabu, akaomba penseli, akatia alama ukingoni mwa ukurasa.

Jumatatu iliyofuata alisoma, na alipofika kwenye wimbo wa kutikisa matawi alinyamaza. Darasa zima likanyamaza naye. Wengine walifumba macho. Katika pumzi hiyo, kule sokoni, Siwar alipata nafasi ya kumwambia mteja mmoja, "Karibu," kabla Profesa hajaendelea.